Mawe Yanayopeana Visogo

Jumatatu, 3 Februari

Mama Mkubwa wangu,

Salamu ameanza kukutolea Bosi mwenyewe kwa kuinyonya kona ya karatasi hii, ndiyo maana imelowa. Usije ukadhani nimelia. Sisi wazima. Ameota jino la pili, la chini, na juzi alimng'ata kidole Bwana Misitu, mkuu mzima wa kituo, na hakuna aliyecheka mpaka alipoingia ofisini na kufunga mlango.

Nakuandikia kwa sababu simu huku haishiki, na hata ingeshika, wewe na simu mnajuana wenyewe. Mara ya mwisho nilikuambia nimejifungua mtoto wa kike, ukanijibu kwamba hata huko mvua imenyesha. Basi barua atabeba Taratibu, dereva wa lori la miche. Hufika Jumatatu, hupakia, huondoka Jumanne asubuhi. Jina lake ndiyo mwendo wake.

Sasa jambo lenyewe. Hapa kitaluni kazi yangu ni kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche. Mchana wenzangu wakila, mimi huingia msituni kumnyonyesha Bosi, maana pampu ya maji ina kelele, na kila ikikohoa yeye huachia ziwa kutazama nani kamwita. Mwezi uliopita niliingia ndani kuliko siku zote, nikatokea penye uwazi. Kuna mawe tisa, yamekaa duara, kila moja limechongwa kama kiti, lina pa kukalia na mgongo wa kuegemea. Lakini yote yanatazama nje. Migongo iko katikati, na anayekaa anatazama porini, kama watu tisa walionuniana. Nimezunguka mara tatu nikihofia ni mimi ndiye niliyegeuka. Nani anapanga viti hivyo, Mama Mkubwa?

Ningeyaacha yalivyo, nikanyonyesha zangu. Ila Bwana Misitu anapanua kitalu. Pale penye uwazi anataka tangi jipya, na mawe yavunjwe yawe kokoto za msingi. Nikajikaza nikamwambia pale palikuwa mahali pa watu. Akasema, "Watu gani? Niletee anayejua." Si mtu mbaya. Amemwita mama mmoja wa makumbusho aje kuyaona tarehe 24. Akisema ni mawe tu, basi ni nyundo.

Nimeuliza kila mtu. Waliokuwa wakiishi hapa walihamishwa msitu ulipofungwa, wakasambaa, mimi nikiwa mdogo nisiyekumbuka kitu, na wenzangu wa kituoni wote ni wa kuja. Umebaki wewe. Wewe na Mama mlikulia hapa. Na kuna neno la marehemu Bibi halinitoki, kwamba Mama aliwahi kukaa msituni kutwa nzima akimsubiri mtu, na mtu hakuja. Kila nilipouliza ni nani, Bibi alinituma maji. Je, ni pale kwenye mawe?

Niambie unachokijua, hata kama ni kidogo. Na uje umwone Bosi. Ana paji la uso lako.

Mwanao,
Kiroboto wako (sasa Mama Bosi)


Ijumaa, 7 Februari

Kiroboto,

Barua yako imefika, imenuka maziwa. Nakutumia magauni mawili ya mtoto. Nimeyashona kwa shuka za wodi zilizokufa, lakini kitambaa kilichobaki ni kizuri, na mhuri wa hospitali nimeuficha ndani ya pindo. Asiende nao shingoni kama mgonjwa.

Chumba chetu cha cherehani wametuongezea shuka mia za kutengeneza. Shuka huchakaa katikati, pale watu wanapolalia. Mimi naipasua urefu, kingo zilizokuwa nje nazishona pamoja zikae katikati, pale palipochakaa panakwenda pembeni. Inaishi miaka mingine. Ndiyo kazi yangu miaka ishirini na mbili, na ndiyo habari yangu yote.

Kuhusu mawe, siyajui. Huo msitu ulikuwa mkubwa na mimi nilikuwa mtu wa nyumbani. Ila usimpeleke mtoto mahali hapo. Kama unataka sababu, ni makaburi. Sasa umejua. Mtoto hanyonyeshwi juu ya wafu.

Bibi yako alikuwa mzee. Wazee husema mengi.

Mama yako mkubwa


Jumatatu, 10 Februari

Mama Mkubwa,

Magauni yamemkaa utadhani ulimpima. Moja ameshalitapikia, kwa heshima.

Lakini umeniacha njia panda. Unasema mawe huyajui, na hapo hapo unajua ni makaburi. Nimeisoma barua mara nne. Chuma, mwenzangu anayesukuma toroli, yule mwenye mikono kama mwanamume, nilipomwambia makaburi aliacha sufuria ya chakula chini ya mti akakimbia, na mpaka leo hajaifuata. Mzee wa Mpira, anayemwagilia, ameacha kupiga mluzi akiwa upande ule.

Mimi nilikwenda kuomba radhi. Nikasema, jamani mlio humu, nisameheni, nilikuwa sijui, mtoto alikuwa na njaa. Halafu nikaangalia vizuri. Pale pa kukalia, kila jiwe limebonyea, limelainika kama mwiko wa zamani. Nimepapasa kwa kiganja. Ni makalio ya watu, Mama Mkubwa, samahani kwa neno. Watu wengi, miaka mingi. Sasa niambie, ni maiti gani huyo anayekaa na kuondoka mpaka jiwe linachimbika?

Sikulaumu. Nadhani umechanganya na mahali pengine, maana ni zamani. Au kuna jambo hutaki niliguse. Kama ni hilo, sema tu "usiguse" na nitakaa kimya, ingawa unanijua. Lakini tarehe 24 haingoji, na mimi nitasimama mbele ya yule mama wa makumbusho na darasa la tano langu, niseme nini? Kwamba nilipapasa?

Wewe uliwahi kukaa pale? Hilo moja tu.

Mwanao,
Mama Bosi


Ijumaa, 14 Februari

Kiroboto,

Ndiyo. Niliwahi kukaa pale.

Si makaburi. Nilikudanganya ili uogope, nikasahau kwamba wewe tangu utoto hukuogopa kitu, ulikuwa unaruka tu.

Pale hapakuwa na jina. Watu walisema, "Twendeni tukakae," na kila mtu alielewa. Ndugu wakigombana, jirani na jirani, mke na mume, hawakuamuliwa mlangoni. Walikwenda kukaa. Kila mmoja na jiwe lake, visogo kwa visogo. Mmoja anasema yote mpaka yaishe, mwingine anamsikiliza bila kumwona, kisha zamu inageuka. Mama yetu alitueleza hivi, kwamba uso una ujanja, unaweza kulia ili uhurumiwe, unaweza kununa ili uogopwe, lakini kisogo hakijui kuigiza. Ulikuwa mwiko kugeuka. Ulikuwa mwiko kumkata mwenzio kauli. Na mliyosema pale hayakutoka pale. Kwa hiyo unaona kwa nini hakuna wa kukuhadithia.

Hayo mwambie huyo mama wa makumbusho. Na nisikilize vizuri, msiyaguse mawe. Yanatazama nje kwa sababu ndivyo yanavyotakiwa kutazama. Kwenye shuka, cha nje ukikileta katikati unaponya. Kwenye mawe yale unaua.

Usiniulize nilikaa na nani.

Mama yako mkubwa


Alhamisi, 20 Februari

Mama Mkubwa,

Jumatatu lori halikuja. Tunasikia limevunjika njiani, na kama uliniandikia, barua yako iko huko huko na Taratibu. Lakini usihangaike tena, nimepata jibu mwenyewe. Nina furaha mpaka najistahi.

Nilikuwa nimekaa na Chuma tunajaza viriba, nikamwambia, mahali pa watu kukaa pamoja hapawezi kutazama nje, si kweli? Watu wakikutana hutazamana. Chuma akasema, "Labda yaligeuzwa. Walipohamishwa watu, labda kuna mwenye hasira aliyageuza yote ili pasikaliwe tena." Mama Mkubwa, ikaniingia kama maji kwenye udongo mkavu. Yaligeuzwa. Ndiyo maana hakuna anayeelewa.

Basi jana tuliyarudisha. Chuma na mtaimbo, Mzee wa Mpira na kamba, mimi na Bosi mgongoni nikitoa amri. Mawe yote tisa sasa yanatazama ndani. Tumeyasogeza pia yakaribiane, ili mtu akiongea asikike. Ukungu tumeusugua kwa brashi ya viriba. Ardhi tumeipiga reki mpaka ikalala sawa kama tuta la kuoteshea, kisha Mzee wa Mpira akamwagilia vumbi litulie. Pamependeza. Bwana Misitu alipita akasema, "Sasa hapa naona kikao." Yeye mwenyewe.

Kumradhi kwa kukusumbua na mambo ya zamani. Tarehe 24 nitavaa kitenge kile ulichonitumia.

Mwanao mwenye matumaini,
Mama Bosi


Jumatatu, 24 Februari

Mama Mkubwa,

Sijui nianze wapi. Barua hii nakuandikia nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, chumbani kwetu, Bosi anavuta kalamu.

Mama wa makumbusho alikuja saa nne. Mwembamba, miwani imefungwa kamba, anaongea polepole. Alizunguka. Akapiga goti. Akashika udongo, akaunusa. Akaniuliza, "Nani amepiga reki hapa?" Nikajibu kwa fahari, sisi. Akauliza, "Na mawe?" Nikasema tumeyarudisha yalivyokuwa. Akaniuliza yalivyokuwa lini, na nani aliniambia. Nikamwonyesha Chuma kwa kidole.

Akasema, wala si kwa ukali, "Mwanangu, umri wa mawe haya siujui bado. Lakini mpangilio huu una umri wa siku tano." Anasema chini ya kila jiwe huwa kuna alama, shimo lake, rangi ya udongo, hata ukungu huonyesha upande uliotazama jua. Vyote hivyo tumevisugua na kuvimwagilia. Tuliparekebisha kama tunavyorekebisha tuta, maana ndicho tunachokijua. Bwana Misitu alitazama viatu vyake.

Ameondoka saa sita. Saa nane Taratibu akafika na barua yako ya tarehe 14. "Msiyaguse mawe." Mama Mkubwa, nilikaa chini pale pale nilipokuwa nimesimama.

Nilipotaka kuyageuza tena, sijui lipi lilikuwa wapi. Kutazama nje ndiyo, lakini lipi lilitazama upande gani? Tuliyaviringisha, tukayachanganya. Chuma anasema hili hapa, Mzee wa Mpira anasema hapana, lile. Walitaka kupigana, tena mahali pa kusuluhisha ugomvi.

Kuna mlango mmoja umebaki. Yule mama alisema atarudi Jumatatu tarehe 17 Machi. Kama mawe yatakuwa yamekaa kwa maelezo ya mtu aliyewahi kukaa pale, na mtu mwenyewe awepo aseme kwa kinywa chake, ataandika. Asipokuwepo, Bwana Misitu hawezi kungoja zaidi, na fundi wa tangi amekwisha kupima kwa kamba.

Mtu huyo ni wewe. Njoo, Mama Mkubwa. Nitakupa kitanda, mimi na Bosi tutalala chini, yeye mwenyewe hupendelea chini.

Sijui kwa nini hutaki kuulizwa ulikaa na nani. Nadhani najua, ila naogopa kuliandika.

Mwanao,
Mama Bosi


Jumanne, 25 Februari

Mama wa Cherehani,

Nakuandikia kwa sababu nikikwambia kwa mdomo utanijibu ya kwako. Barua zako ni hizi mbili, ya tarehe 20 na ya jana. Soma ya tarehe 20 kwanza, japo ni afadhali usingeisoma.

Kosa ni la lori. Ekseli ilikatika Jumatatu ile, nikalala siku nne kwa fundi, barua yako ikiwa chini ya kiti. Ingefika siku yake, mawe yangekuwa salama. Binti yako aliisoma amesimama, akakaa kwenye matope, na mtoto wake naye akakaa kwa heshima.

Nitapita Ijumaa kuchukua majibu. Nafasi mbele ipo, kiti hakina spring upande mmoja tu.

Taratibu


Ijumaa, 28 Februari

Kiroboto,

Siji.

Mawe nitakurudishia, lakini mwili wangu pale haukai tena. Ndani ya bahasha kuna kipande cha shuka. Kitandaze chini, pindo la buluu liwe upande wa kile kisiki kikubwa, nadhani bado kipo, kilikuwa cha miaka tangu tukiwa watoto. Mafundo tisa ni mawe tisa, na mkia wa uzi unaotoka kwenye kila fundo ni upande jiwe linakotazama. Umbali ni hatua moja yangu kwa kila kidole kimoja cha upana. Lenye ufa ni fundo jekundu. Lile fupi ni la kijani. Nilikaa Jumatano nzima nikishona hiki badala ya shuka za wodi ya wazazi. Mikono ilikumbuka kuliko kichwa.

Fundo jeupe lilikuwa langu. Fundo jeusi lilikuwa la mama yako.

Umeogopa kuliandika, basi mimi nitaliandika. Wewe ulikuwa na miaka minne. Nilikuwa nimekwisha kupata kazi hapa hospitali. Nilimwomba mdogo wangu anipe wewe nije nikusomeshe, akakubali, nikakununulia viatu. Siku ya kuondoka akakataa. Tukarushiana maneno uani mpaka mama yetu akatutuma tukakae.

Nilianza mimi. Nilisema yale ambayo sikuwahi kumwambia mtu, hata mto wangu wa kulalia. Kwamba daktari alishaniambia sitazaa. Kwamba viatu vile nililala navyo kifuani siku tatu. Nilisema nikitazama kile kichuguu mbele ya jiwe langu, nikasema mpaka nikakauka, nikangoja zamu yake. Nikangoja. Mwishowe nikavunja mwiko, nikageuka. Jiwe lilikuwa tupu.

Aliondoka, Kiroboto. Niliufungua moyo wangu mbele ya jiwe, na mdogo wangu alikuwa zamani ameinuka kwenda zake. Nilishika njia ya pili, nikapanda gari siku hiyo hiyo. Alituma watu mara mbili. Nikawaambia wamwambie sipo. Alipokufa sikuja kumzika, na wewe hukuwahi kuniuliza, kwa adabu yako.

Bibi yako alisema mama yako ndiye aliyesubiri. Alisema hivyo ili kumsitiri binti aliyebaki naye. Mimi ndiye niliyesubiri.

Kwa hiyo mawe yapange. Kinywa tafuta kingine.

Mama yako mkubwa


Jumanne, 4 Machi, asubuhi

Mama Mkubwa wangu,

Taratibu anapakia, amenipa muda wa masanduku sitini tu ya miche, anahesabu kwa sauti ili niharakishe. Nisamehe mwandiko.

Kitambaa kilifika jana saa sita. Kisiki kipo. Tulikitandaza, Bosi akakikojolea upande mmoja, hakuna fundo lililofunguka. Chuma alipima hatua, Mzee wa Mpira alishika kamba, na safari hii hakuna aliyefungua mdomo kusema "nadhani". Saa kumi mawe yote tisa yalikuwa mahali pake yakipeana visogo. Bwana Misitu alitoka ofisini akayatazama muda mrefu. Akauliza, "Nani amechora ramani hii?" Nikamwambia, fundi wa shuka.

Wenzangu walipoondoka nilibaki. Nilikwenda kwenye fundo jeusi, nikakaa kwenye jiwe la Mama. Nikampa Bosi anyonye, nikainua macho kutazama kile alichokuwa akikitazama.

Mama Mkubwa, mbele ya jiwe lile kuna bwawa.

Ni dogo, limezungukwa na matete, ukiwa umesimama hulioni. Ukikaa ndipo matete yanaachana na unaona maji. Nimehesabu, ni hatua ishirini na sita. Nikakaa utadhani nimepigiliwa misumari.

Kuna kitu ninacho tangu utoto na siku zote nilidhani ni ndoto. Maji puani. Miti imesimama kichwa chini, maana kuna mtu amenishika miguu ananitikisa. Na sauti ya Mama inaita, inaita kwa nguvu, lakini si jina langu analoliita. Nilimsimulia Bibi mara moja, akanituma maji, kisha akabadili akasema hapana, usiende majini, kaa hapa. Mpaka leo nikioga simwagi maji usoni. Chuma hunicheka.

Nadhani niliwafuata siku ile. Si ndiyo maana mliniita Kiroboto? Nadhani wewe ulikuwa unatazama kichuguu na yeye alikuwa anatazama bwawa, na ukiwa katikati ya maneno yako aliniona mimi naingia majini. Hakuondoka kwa sababu ya uliyosema. Labda hata hakuyasikia yote. Aliondoka kwa sababu ya kitu alichokiona, na wewe ulikuwa umempa kisogo kama sheria inavyotaka.

Na nadhani alirudi. Alinikausha, akanipeleka kwa Bibi, akarudi, akakuta jiwe lako tupu. Akakaa mpaka jua likazama. Kwa hiyo Bibi hakusema uongo, na wewe pia husemi uongo. Mlingojana nyote wawili, kwa zamu.

Sina ushahidi. Yule mama wa makumbusho angeniuliza nani ameniambia. Ni maji puani tu na jiwe linalotazama bwawa. Kinachonichanganya ni kimoja, kama aliita vile ninavyokumbuka, kwa nini hukumsikia?

Taratibu amefika hamsini na nane.

Mwanao,
Kiroboto


Ijumaa, 7 Machi

Kiroboto wangu,

Barua yako nimeisoma Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Leo nimeshona shuka moja tu, na nimeishona vibaya.

Unauliza kwa nini sikumsikia. Nitakwambia jambo ambalo hata msimamizi wangu halijui. Watu hudhani masikio yangu yaliharibiwa na mashine za kufulia, na mimi nimewaacha wadhani hivyo. La kushoto lilikufa kabla sijaanza kazi, na la kulia likabaki na nusu. Nililificha siku ya kuandikwa, nikamgeuzia karani sikio la kulia, maana nisingechukuliwa. Nikaficha nyumbani pia. Mama yako hakujua. Kwenye mawe yale jiwe lake lilikuwa kushoto kwangu.

Kwa hiyo aliita. Umesema halikuwa jina lako. Alikuwa anamwita dada yake, na alivunja mwiko kuniita, na mimi niliendelea kukieleza kichuguu habari za viatu. Miaka ishirini nimemkasirikia kwa kuondoka kimya.

Sijui niiweke wapi hasira hii sasa. Nimeizoea, ni kama cherehani ya chumbani, nikiitoa sakafu itaonekana imebadilika rangi.

Taratibu nimemwandikia. Jumatatu tarehe 17 nitakuwa kwenye kile kiti kisicho na spring. Huyo mama wa makumbusho nitamwambia kila jiwe na habari yake, aandike mpaka wino umwishie, na fundi wa tangi akapime kwingine.

Lakini kabla yake, nisikilize. Usije kunipokea barabarani. Njia naijua. Wewe tangulia ukae kwenye jiwe la mama yako, utazame bwawa. Utasikia nikija na kukaa. Usigeuke, usinisalimie, usinisaidie. Nitasema yote upya, safari hii kwa mtu aliyepo. Nikimaliza nitakugusa bega, ndipo uitike kwa niaba yake, na uitike kwa nguvu, kwenye sikio langu la kulia.

Bosi usimfunge mgongoni wala usimweke chini, asije akaruka kama wewe. Mweke bega la kulia, upande wa jiwe langu. Atakuwa ananitazama usoni muda wote ninaosema. Mwache anitazame. Yeye sheria haimhusu.

Mama yako mkubwa